Vyumba Vitupu Vya Mendeleev

Mwaka 1987 nilimwita fundi wa kuandika vibao aniandikie jedwali la elementi kwenye ukuta wa maabara. Ilikuwa shule ya bweni mkoani Tanga, na hiyo maabara usiikuze sana kichwani: meza nne za saruji, kabati moja lenye kufuli, ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Chati ya karatasi tuliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia kona ya kushoto, wakaimaliza sodiamu na potasiamu, wakawa wanaelekea kwenye chuma. Nikaona bora rangi ya mafuta juu ya plasta. Fundi alikuwa mzee aliyeandika maduka yote ya barabara kuu na nyuma ya malori mengi, herufi zake zimenyooka kama zimepigwa chapa. Nikamwachia kitabu, nikamwekea alama kwenye ukurasa, nikapanda basi kwenda msibani Lushoto.

Niliporudi Jumatatu ukuta unang'aa, na heliamu imekaa ubavuni mwa hidrojeni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Unaionaje?"

"Nzuri. Ila hii He si ya hapa. Kwao ni kule mwisho, kulia kabisa."

"Nimeiona kwenye kitabu," akasema. "Lakini hapo katikati pametupu mno. Mtu akipita atasema fundi hakumaliza, au kala hela."

Alikuwa na swali jingine pia. Kwenye mstari wa tatu aliandika Na, kisha Mg, na alitaka kujua hiyo "na" inaunganisha nini na nini, maana upande wake wa kushoto hakuna kitu.

Nilicheka mpaka nikakaa. Akapanda ngazi, akapaka nyeupe pale juu, akaihamishia heliamu kwao. Na akiwa kule juu, bila kunigeukia, akauliza: "Sasa haya mapengo aliyaamua nani?"

Nilikuwa nimefundisha kemia miaka sita. Nilijua kulitumia jedwali, nilijua kuwakaririsha kidato cha pili elementi ishirini za mwanzo mpaka wakaota nazo, lakini jibu la swali lile sikuwa nalo. Nikasema, "Wataalamu." Mzee alinitazama kama anavyomtazama mteja anayesema atalipa kesho.

Haya ninayoandika ni deni lake.

Nianze na mwalimu mwenzangu. John Dalton alikuwa mtoto wa mfumaji wa kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza, na alianza kufundisha shule akiwa na miaka 12. Alikuwa mtu wa kuandika mambo kwenye daftari: kuanzia 1787 hadi alipofariki 1844 aliandika hali ya hewa karibu kila siku ya maisha yake. Wazo la atomi, chembe isiyokatika tena, Wayunani walilisema zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Alichoongeza Dalton ni swali la muuza duka: kila moja ina uzito gani? Atomi moja huwezi kuiweka kwenye mizani, lakini unaweza kupima kiasi gani cha oksijeni kinashikana na kiasi gani cha hidrojeni kutengeneza maji, ukaipa hidrojeni uzito wa 1, kisha ukapiga hesabu ya nyingine zote kwa kulinganisha.

Hesabu hiyo ina mtego. Lazima ujue kwanza ndani ya chembe ya maji zimo atomi ngapi za kila aina, na Dalton hakujua. Akakisia moja kwa moja: hidrojeni moja, oksijeni moja. Ndiyo maana katika kitabu chake cha 1808 oksijeni ina uzito wa 7, wakati sisi tunaiandika 16. Kosa hilo lilizaa vurugu ya nusu karne. Kila mkemia na uzito wake, kila chuo na fomula zake. Kekulé, Mjerumani, aliwahi kukusanya fomula 19 zilizokuwa zikitumika kwa asidi moja tu, ile ya siki.

Wakati huohuo elementi zenyewe zilikuwa zinaongezeka. Mfaransa Lavoisier aliorodhesha vitu 33 mwaka 1789, na humo alitia mwanga na joto. Mwaka 1807 Humphry Davy, huko London, alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyuka, vikatokea vitone vya metali vinavyong'aa na kushika moto papo hapo, akarukaruka chumbani kwa furaha. Hiyo ndiyo potasiamu. Siku chache baadaye akaipata sodiamu kwa njia hiyohiyo.

Hapa nimjibu mzee kuhusu ile "na". Herufi tunazotumia zilianzishwa na Msweden Berzelius katika muongo wa 1810, naye alichukua majina ya Kilatini. Sodiamu kwa Kilatini iliitwa natrium, kutokana na natron, chumvi ya ziwa iliyokaushwa na jua ambayo Wamisri wa kale waliitumia kuhifadhi maiti. Sisi tunaiita magadi. Ziwa Natron letu na Ziwa Magadi la jirani zetu Kenya yanabeba jina la kitu kilekile katika lugha mbili. Kila mama aliyetia kipande cha magadi kwenye sufuria ya makande ili maharage yaive upesi ametia sodiamu pamoja na kaboni na oksijeni. Na ile K ya potasiamu? Kalium, kutoka Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea. Kwa kweli tukihesabu, Kiswahili kiliingia maabara zamani sana: zebaki, risasi, fedha, dhahabu, kiberiti, yote ni majina ya Kiarabu tuliyoyazoea hadi tukasahau kuwa ni elementi, na neno kemia lenyewe limepita njia hiyohiyo. Shaba iliwahi hata kuwa jina la jimbo: Katanga ya Congo iliitwa Shaba toka 1971 hadi 1997. Nilipoanza kuwaambia hivyo wanafunzi wangu, waliacha kuiogopa ile chati. Nilichelewa kuanza.

Turudi kwenye mapengo.

Mtu wa kwanza kuona kuwa elementi zina ukoo alikuwa Döbereiner, mtoto wa dereva wa gari la farasi aliyekuja kuwa profesa wa Jena. Mwaka 1829 alionyesha kuwa baadhi zinakwenda tatutatu. Chukua lithiamu, sodiamu na potasiamu. Zote ni laini, kisu kinazikata, zote zinachachamaa zikiguswa na maji. Uzito wa lithiamu ni 7, wa potasiamu ni 39. Jumlisha, gawanya kwa mbili: 23. Huo ndio uzito wa sodiamu, ile ya katikati. Fanya hivyohivyo kwa klorini, bromini na iodini, hesabu inakaribia kutoka. Ukiwaandikia watoto hii ubaoni bila kuwaambia jibu, ukawaacha wagawe wenyewe, kuna sekunde moja darasa linanyamaza.

Lakini utatu hautoshi kujenga nyumba, na uzito wenyewe ulikuwa bado ugomvi. Ugomvi ulipungua Septemba 1860, wakemia kama 140 walipokutana siku tatu mjini Karlsruhe, Ujerumani. Walibishana, hawakukubaliana rasmi juu ya jambo la maana. Ila wakati wa kuondoka, Mwitaliano mmoja aligawa kijitabu cha mwenzake Cannizzaro, kilichoonyesha kwa utulivu jinsi ya kupata uzito wa atomi ulio sahihi. Watu wakakisoma kwenye treni wakirudi makwao. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa kijana wa Kirusi wa miaka 26, mwenye nywele ndefu, Dmitri Mendeleev.

Kabla yake nimtaje Newlands, maana namwonea huruma. Huyu alikuwa mkemia wa London ambaye mama yake alikuwa na asili ya Italia. 1860, wenzake walipokuwa Karlsruhe, yeye alikuwa Italia akipigana upande wa Garibaldi. Akaja kugundua kuwa ukizipanga elementi kwa uzito, tabia zinajirudia kila ya nane, akazifananisha na noti za muziki. Alipolisoma hilo mbele ya Chama cha Kemia Machi 1866, bwana mmoja alimuuliza kama amewahi kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Watu wakacheka. Lakini alikuwa amelishika jambo. Kwetu vitabu vya Kiswahili vinaliita jedwali hili mfumo radidia, na mtu yeyote anayejua mashairi anajua kuradidi ni nini: ubeti unakwenda, kibwagizo kinarudi. Kosa la Newlands ni kwamba alilazimisha kibwagizo kirudi kila baada ya mistari saba hata pale ambapo shairi lilikuwa limebadilika, na hakuacha nafasi kwa mashairi yasiyotungwa bado. Vyumba vyake vilijaa vyote. Katika kimoja aliwabananisha wapangaji wawili, kobalti na nikeli.

Mendeleev alizaliwa 1834 Tobolsk, Siberia. Baba yake, mkuu wa shule, alipofuka mwaka huohuo. Mama, Maria, akachukua kiwanda cha vioo cha familia akakiendesha mwenyewe. Mume akafa, kiwanda kikaungua moto, na mwaka 1849 mama huyu akafunga mizigo, akamchukua kitindamimba wake, wakasafiri zaidi ya kilomita 2,000 hadi Moscow kutafuta chuo. Chuo kikuu kikamkataa kwa sababu ya mkoa aliotoka. Wakaenda St. Petersburg, akapata nafasi katika chuo cha ualimu alikosoma baba yake. Mama akafa mwaka huohuo wa 1850. Sina la kuongeza hapo. Wanaofundisha shule za bweni wanawajua mama wa namna hiyo. Huja siku ya kufungua shule, mkono mmoja sanduku la chuma, mwingine godoro.

Kilichonifurahisha zaidi kukijua ni hiki: jedwali halikutafutwa na mgunduzi aliyejifungia. Lilitafutwa na mwalimu aliyekwama kwenye kitabu chake. Mwaka 1867 Mendeleev alipewa uprofesa wa kemia ya jumla, akaona hakuna kitabu cha Kirusi kinachofaa kwa wanafunzi wake, akaanza kuandika cha kwake. Juzuu la kwanza lilimaliza ukoo wa klorini. Mwanzoni mwa 1869 alikuwa ameshaanza na sodiamu na jamaa zake. Baada ya hapo ziende zipi? Zilikuwa zinajulikana elementi 63. Huwezi kuzieleza moja moja kama mtu anayesoma majina ya waliotoa rambirambi.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 17 Februari kwa kalenda ya Kirusi ya wakati ule, sawa na 1 Machi kwa yetu. Alitakiwa kusafiri kwenda kukagua vyama vya kutengeneza jibini. Asubuhi ile alikuwa na barua ya safari hiyo mezani, na barua hiyo ipo mpaka leo: ina duara lililoachwa na kikombe, na nyuma yake kuna safu za alama za elementi na uzito wake, moja chini ya nyingine, zikitolewa tofauti. Yaani alianza kulinganisha ukoo na ukoo papo hapo, juu ya kikaratasi kilichokuwa karibu. Inasimuliwa pia kuwa jedwali zima lilimjia ndotoni. Hiyo siiamini. Rasimu iliyobaki imejaa mikato na masahihisho. Ndoto hazikatwi kwa kalamu.

Sasa tazama jambo alilofanya kwa karibu, maana ndilo jibu la fundi. Ukizifuata kwa uzito unafika zinki, 65. Inayofuata kati ya zilizojulikana ni aseniki, 75. Ukiiweka aseniki mara tu baada ya zinki, itaangukia kwenye ukoo wa alumini. Lakini aseniki haina tabia ya alumini hata kidogo. Inashikana na wenzake kama fosforasi. Mpangaji wa namna hii mwenye nyumba hodari humpeleka chumba chake hata kama inabidi kuruka viwili. Mendeleev aliruka viwili. Mahali pa vile viwili akaandika alama ya kuuliza, na mbele yake uzito: ? = 68, ? = 70. Pengine akaandika ? = 45. Kitabu kikachapwa hivyohivyo, na alama za kuuliza ndani yake. Mzee wangu wa vibao angesema hajamaliza kazi.

Mwaka 1871 alikwenda mbali zaidi. Akaviita vyumba hivyo kwa majina, akitumia eka, neno la Kisanskriti lenye maana ya moja: eka-alumini, yaani ya kwanza chini ya alumini, eka-silikoni, eka-boroni. Akaandika tabia za wapangaji ambao hajawaona. Eka-alumini itakuwa na uzito wa karibu 68, densiti karibu 5.9, itayeyuka kwa joto dogo.

Agosti 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran, akichunguza mawe ya zinki kutoka milima ya Pyrenees, aliona mistari miwili ya mwanga asiyoifahamu. Akaiita elementi hiyo galiamu, akaipima densiti, akapata 4.7. Mendeleev akaandika kutoka Urusi kwamba hiyo ndiyo eka-alumini yake, na kwamba densiti haiwezi kuwa hivyo. Bwana asafishe sampuli apime tena. Fikiria ujeuri huo! Mtu hajawahi kukishika kitu anamsahihisha aliyekishika. Lecoq akasafisha, akapima, akapata 5.9. Ile ya kuyeyuka nayo ilitimia: galiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 29.8. Kipande chake ukikiacha mezani Tanga mchana wa Februari, utarudi ukute tone.

Skandiamu ikajaza chumba cha pili 1879. Cha tatu kilijazwa 1886 mjini Freiberg, ambapo Clemens Winkler alikuwa akichambua jiwe la fedha la mgodini na kila akijumlisha vilivyomo anapungukiwa na kama asilimia 7. Alipoukamata huo upungufu akauita jemaniamu. Mendeleev alisema uzito 72, densiti 5.5, rangi ya kijivu. Winkler akapima uzito 72.3, densiti 5.47, rangi ya kijivu. Transista ya kwanza duniani, ya 1947, ilitengenezwa kwa jemaniamu, na redio ndogo za transista za miaka iliyofuata ziliendelea kuitumia. Baba yangu alikuwa na redio ya namna hiyo, aliivika kitambaa cha kufuma na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Nisimpambe kupita kiasi. Mendeleev alitabiri pia elementi ambazo hazikutokea wala hazitatokea. Lord Rayleigh na Ramsay walipotangaza gesi ya agoni mwaka 1894, mwenzetu hakufurahi, maana gesi isiyoshikana na chochote haikuwa na hata chumba kimoja kwake. Ilibidi nyumba iongezwe ubavu mzima. Heliamu ya mzee wangu inakaa kwenye ubavu huo. Mistari yake ilionwa kwanza kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, ikapatikana duniani 1895, na 2016 wanajiolojia wakatangaza kuwa ipo kwa wingi chini ya bonde la Rukwa.

Kuna na jambo la teluriamu. Uzito wake ni zaidi ya 127, wa iodini ni pungufu kidogo. Kwa uzito iodini itangulie; kwa tabia ifuate. Mendeleev aliamua tabia ishinde, akadai waliopima teluriamu wamekosea. Hawakukosea. Aliiweka mahali sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na alikufa 1907 bila kujua.

Aliyelitatua alikuwa Henry Moseley, kijana Mwingereza. Mwaka 1913 alizipiga elementi moja baada ya nyingine kwa miali ya elektroni, akapima mionzi ya eksirei inayotoka, akakuta inapanda ngazi moja moja, bila kuruka. Ngazi hiyo ni idadi ya protoni ndani ya kiini. Hidrojeni 1, heliamu 2, lithiamu 3. Uzito haukuwa ndio mpangaji, ulikuwa unamfuata mpangaji kwa nyuma na mara chache unajikwaa. Kuanzia hapo watoro waliweza kuitwa kama mwalimu wa zamu anavyoita majina gwaride la asubuhi: namba 43 hayupo, 61 hayupo, 75 hayupo. Wa 43 alitengenezwa kwa mashine tu, 1937. Moseley hakumwona. Tarehe 10 Agosti 1915 alipigwa risasi Gallipoli akiwa afisa wa mawasiliano, umri miaka 27.

Kwa hiyo mzee, mapengo ni ya aina mbili. Yale ya Mendeleev yalikuwa ya wageni waliochelewa. Lile la juu, kati ya H na He, halingoji mtu. Kati ya moja na mbili hakuna namba nzima, na nusu protoni haipo. Pametupu kwa sababu tabaka la kwanza la elektroni linabeba mbili tu, wakati mistari ya chini inabeba nane, kumi na nane, na zaidi, na sisi tunataka jamaa wa ukoo mmoja wasimame safu moja. Heliamu ni kimya kama neoni, basi isimame juu ya neoni.

Siku ile tulipatana bei kwa kisanduku. Kitabu changu kiliishia namba 103, lakini nilimwambia achore mstari wa saba hadi mwisho, vile 15 vilivyobaki aviache bila herufi. Alinilipisha vyote. Alisema hata kisanduku kitupu kina rangi ya mistari.

Nilipita shuleni hapo miaka michache iliyopita. Maabara sasa ni stoo ya madawati mabovu, lakini ukuta upo, na mahali alipopaka nyeupe juu ya He ya kwanza rangi imechakaa, herufi zinachungulia. Vile visanduku 15 vimeandikwa vyote, kwa mikono tofauti na wino tofauti, nadhani kila mwalimu na zamu yake. Nne za mwisho kukosekana zilipewa majina 2016. Ya 117 imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na imekosewa herufi moja.